Harara Iliyokataa Kuondoka na Kaskazi

Godoro lilikuwa jipya, na kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi za huku kwetu Wete, lilitandikwa shuka juu ya nailoni yake ya dukani bila ya kuvuliwa, kwa kuwa nailoni huikinga sponji na vumbi na mikojo ya wajukuu, na kwa kuwa kitu kipya kikishavuliwa ganda lake huonekana kimechakaa kabla ya siku zake. Juu ya godoro hilo nililala wiki saba, tangu katikati ya Januari hadi mwanzoni mwa Machi, mguu wa kulia ukiwa ndani ya plasta, baada ya kuteleza kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba yangu mwenyewe nikiwa na umri wa miaka 61. Joto la kaskazi lilikuwa limeshika chumba kizima. Feni ilikuwa ikizungusha hewa ile ile, na kila nilipojaribu kujisogeza, nailoni ililia chini yangu kama karatasi ya mkate, na shuka likabanduka mgongoni likiwa limelowa.

Wiki ya tatu nikaanza kuwashwa. Mke wangu alinigeuza ubavu, akauangalia mgongo, akasema kwa utulivu wa mtu aliyelea watoto sita kwamba hiyo ni harara tu na itaondoka nikianza kutembea. Akanipaka liwa, na liwa ilipokauka na kuanza kunivuta ngozi akaniosha na kuninyunyizia poda. Sikuwa na sababu ya kumbishia. Hakuna mtu aliyekulia Pemba asiyeijua harara: jasho linaziba vijitundu vyake, vipele vidogo vinachomoza shingoni na kifuani, mtoto analia siku mbili tatu, kisha upepo unageuka na ngozi inarudi kama ilivyokuwa.

Upepo uligeuka. Plasta ilikatwa, masika yakaingia na mvua zake, nikaanza kutembea kwa mkongojo hadi msikitini, na vipele vikabaki pale pale. Kikaja kipupwe cha Juni, ambapo hata sisi tusiozoea baridi hujifunika shuka nyepesi alfajiri, na bado vilikuwepo. Tena vilikuwa vimeongezeka, vikatoka mgongoni vikazunguka mbavu na kufika kifuani. Hapo ndipo nilipojua kwamba neno harara halitoshi.

Nivieleze vipele vyenyewe, maana niliishi navyo karibu mwaka mzima na nikavisoma kwa vidole kuliko nilivyovisoma kwa macho. Kila kimoja kilikuwa na ukubwa wa punje ya ufuta, vichache vikifikia punje ya uwele, vigumu kidogo vikipapaswa, na baadhi yao vilikuwa na gamba jembamba kichwani ambalo likikwanguliwa huacha tone dogo la majimaji. Vitabu vya tiba huandika kwamba ni vyekundu. Juu ya ngozi yangu nyeusi hapakuwa na wekundu wowote. Vilikuwa na rangi ya kahawia iliyoiva, na vilipokauka viliacha madoa meusi ambayo mengine ninayo hadi leo. Havikupangika kwa safu wala kwa duara. Vilitawanyika kama mtu aliyerusha konzi ya mchanga, vingi zaidi katikati ya mabega na pale chini ya mbavu, na havikushuka miguuni, havikupanda usoni, wala havikugusa viganja.

Na mwasho wenyewe haukuwa wa mbu. Wa mbu una mahali pake, unaujua, unaukuna, unakwisha. Huu ulikuwa ukianza baada ya sala ya isha, mwili unapopata joto la kitandani, ukienea mgongo wote kwa pamoja bila ya kuwa na kitovu. Nilikuwa nikiamka usiku wa manane, nikasimama kwenye mlango wa chumbani na kujisugua kwenye mwimo juu na chini kama mbuzi, hadi mke wangu akasema kutoka gizani: "Baba, mlango huo ni wa marehemu baba yako, utaumaliza."

Matibabu ya miezi ile sitayaeleza kwa urefu, kwa sababu kila anayewashwa anayajua. Kwanza iliaminika kuwa ni upele, ule wa vijidudu vinavyochimba ngozi, na familia nzima ikapakwa dawa nyeupe yenye harufu kali kuanzia shingoni hadi unyayoni, wajukuu wakicheka na mimi nikiona haya. Halafu ikaaminika kuwa ni fangasi. Kisha katika duka moja la dawa nikauziwa krimu ya mchanganyiko, yenye dawa ya fangasi, ya bakteria na ya steroidi kali ndani ya mrija mmoja, nikapata nafuu ya siku tano ambayo niliisherehekea mapema mno, kwa kuwa nilipoacha vipele vilirudi. Jirani mmoja alisema damu imechafuka, akapendekeza kuumikwa chuku. Nilimshukuru, nikakataa, kwa kuwa mgongo wangu haukuwa na mahali pa kuwekea pembe.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyelitaja neno mzio. "Wewe ni mtoto wa pumu tangu mdogo," aliniambia, "na marehemu mama alikuwa akikupaka mafuta ya nazi kwenye mikunjo ya viwiko hadi ukaingia chuoni. Haya ni yale yale, yamerudi uzeeni." Alisema kweli kuhusu utoto wangu. Nilikuwa na pumu ya kifua, nilikuwa na pumu ya ngozi, na hadi leo nikifagia stoo yenye vumbi hupiga chafya kumi bila ya kupumua. Lakini kutokana na kauli hiyo moja ikatokea miiko. Nikakatazwa pweza, ngisi, kamba, mayai, na baadaye hata muhogo, ambao sijui ulishitakiwa kwa kosa gani. Miezi mitano nilikula wali na mchicha huku nikiwatazama wenzangu wakimega pweza wa nazi, na mgongo uliniwasha kwa kiasi kile kile.

Dada alikuwa na nusu ya ukweli, na makala haya yote ni juu ya nusu hiyo, kwa sababu nimeona watu wengi wakiishika kama ndiyo nzima. Ugonjwa niliokuwa nao si mzio. Ila una ujirani na mzio, na ujirani huo umeandikwa na waganga wa ngozi kwa muda mrefu.

Agosti nilipanda boti kutoka bandari ya Mkoani kwenda Unguja kuonana na daktari wa ngozi. Alikuwa binti wa umri wa watoto wangu. Aliniamkia shikamoo, akanisubiri nimalize kuvua fulana, na nilipoanza kumsomea orodha ya vyakula nilivyoviacha akanizuia kwa adabu: "Maalim, kabla ya kunambia ulikuwa unakula nini, nambie ulikuwa unalala wapi." Nikamweleza habari ya mguu, ya godoro na ya nailoni. Aliuangalia mgongo kwa kioo cha kukuzia, akanitaka nifungue kinywa akamulika kwa tochi, akaangalia kwapa na kinena, kucha, na viganja. Kila mahali alipopaangalia alikuwa akiuondoa ugonjwa mmoja katika orodha yake, ingawa hilo nililielewa baadaye. Kisha akasema anataka kipande cha nyama.

Kipande chenyewe kilikuwa kidogo kuliko hofu yangu. Alidunga sindano ya ganzi, akachukua kidude cha mviringo chenye makali, upana wake milimita 4, mfano wa mdomo wa mrija wa kunywea madafu, akakizungusha juu ya kipele kibichi, ambacho nilikuwa sijakikuna, akakitoa na kukitumbukiza ndani ya kichupa cha formalini. Uzi mmoja, plasta moja, na kusubiri. Majibu yalipokuja yalikuwa na mistari minne, na ndani yake neno ambalo nililisoma mara tatu: akantolisisi.

Neno hili linatokana na Kigiriki, akantha ikiwa ni mwiba. Chini ya hadubini, seli za tabaka la kati la ngozi ya juu huonekana zina miiba pembeni, na miiba hiyo ni mahali ambapo seli moja imefungwa na mwenziwe kwa vifungo viitwavyo desmosomu. Aliyewahi kusikia habari za mtepe, chombo cha wazee wetu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari hata mmoja, atafahamu mara moja. Mbao za mtepe ni nzima, lakini uzima wa mbao haufai kitu ikiwa mshono umelegea. Akantolisisi ni kulegea kwa mshono: seli zinaachiana, zinakuwa mviringo kwa sababu hakuna tena kinachozivuta kila upande, na katika nafasi iliyobaki majimaji yanaingia. Ule unyevu niliokuwa nikiuona kwenye kila kipele nilichokikwangua ulitoka humo.

Magonjwa yenye mshono uliolegea yako kadhaa, na mengine ni mazito sana kuliko langu. Pemfigasi ya kawaida, ambayo mara nyingi huanzia kinywani kwa vidonda, hutokea pale kinga ya mwili inapotengeneza silaha dhidi ya vifungo hivyo vyenyewe. Kwa hiyo tochi ndani ya kinywa changu haikuwa ya bure. Ugonjwa wa Darier na ule wa Hailey na Hailey, ndugu wawili madaktari wa Marekani walioueleza mwaka 1939, ni ya kurithi. Wa kwanza huharibu pia kucha na huanza ujanani, wa pili hupenda kwapa na kinena, na yote mawili hutokana na hitilafu ya jeni zinazoendesha pampu za kalisi ndani ya seli, kwani bila ya kalisi kukaa mahali pake vifungo havikazi. Mimi nilikuwa mzee, kinywa safi, kucha nzima, kwapa safi, na vipele vya kiwiliwili tu. Ndipo lilipobaki jina moja.

Ugonjwa huu unaitwa ugonjwa wa Grover, kwa jina la Ralph Grover, daktari wa ngozi wa New York aliyeueleza mwaka 1970. Yeye mwenyewe aliupa jina refu lenye maana ya ugonjwa wa ngozi wa kupita, wenye kuachanisha seli. Nina ugomvi kidogo na hilo neno "wa kupita". Kwa wengine kweli hupita baada ya wiki chache au miezi, lakini kwa wengine hukaa miaka, au huondoka na kurudi, na waganga wenyewe wameshalikubali hilo huku wakiliacha jina lilivyo. Huwapata zaidi wanaume waliovuka miaka 50, na wengi waliomo ndani ya maandiko ni wazungu. Sisi wenye ngozi nyeusi tumeandikwa kwa uchache, jambo ambalo huenda likawa na maana kwamba tunaupata kwa nadra, na huenda likawa na maana pia kwamba migongo yetu huitwa harara na kuachwa.

Kinachouchokoza kimejulikana kwa muda mrefu: joto, jasho, jua, homa, na kulala muda mrefu kwa mgongo. Wagonjwa wa kulazwa hospitalini ni miongoni mwa wanaotajwa sana, kwani mgongo wao haupati hewa. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Mtu angetaka kuupika ugonjwa huu jikoni kwa makusudi, asingepata chungu kizuri kuliko kitanda changu cha wiki saba, nailoni chini, plasta mguuni, na kaskazi dirishani. Nadharia ya zamani ilikuwa kwamba jasho linavuja kutoka kwenye mirija yake na kuchokoza seli za jirani, na kwa hivyo ungekuwa binamu wa harara. Lakini vipande vingi vilivyoangaliwa havikuonyesha kwamba kulegea huko kunafuata mirija ya jasho, na nadharia hiyo imepoa. La karibuni zaidi ni kwamba watafiti wamekuta, ndani ya vipele vya Grover, mabadiliko ya jeni ile ile ya ugonjwa wa Darier, isipokuwa hapa mtu hakuzaliwa nayo. Yamezuka ukubwani katika seli za pale pale tu. Kwangu mimi jambo hili lilieleza kitu ambacho hakuna aliyekuwa akinijibu: kwa nini kipele kimoja kinazuka na ngozi ya jirani yake, iliyolowa jasho lile lile, inabaki salama.

Sasa nirudi kwa dada yangu na mzio wake. Mwaka 1984 Grover mwenyewe, pamoja na mwenzake Rosenbaum, alirudi kwenye suala hili na kueleza kwamba ugonjwa huu hukutwa pamoja na magonjwa mengine ya ngozi, na waliyoyataja ni pumu ya ngozi, ukurutu wa mguso unaoletwa na mzio, na ukurutu wa ngozi kavu ambao huwapata wazee. Yote matatu ni ya jamii ya ukurutu, na mawili ya kwanza yamo katika ukoo wa mzio moja kwa moja. Hata kabla ya hapo, mwaka 1977, Grover na wenziwe wawili walikuwa wameonyesha kwamba chini ya hadubini ugonjwa huu una sura nne: moja kama Darier, moja kama Hailey na Hailey, moja kama pemfigasi, na ya nne ambayo seli zimetenganishwa na majimaji kwa namna ile ile inayoonekana katika ukurutu. Majibu yangu yalitaja sura mbili ndani ya kipande kimoja, ya Darier na ya ukurutu, na yakaongeza kwamba kulikuwa na eosinofili.

Hapo pana jambo la kwetu Pemba ambalo daktari alilieleza kwa uangalifu, na ningependa kila mtu wa huku alifahamu. Eosinofili ni askari wa damu wanaohusishwa na mzio, na katika nchi za baridi mtu akikutwa nao wengi huulizwa kwanza juu ya pumu na mafua ya vumbi. Lakini askari hao kazi yao nyingine kubwa ni kupigana na minyoo. Katika kisiwa ambacho kichocho na minyoo ya tumbo vimepimwa, vimetibiwa na vimerudi kizazi baada ya kizazi, hadi watafiti wa dunia nzima wanatujua kwa mkojo wetu, mtu hawezi kuona eosinofili juu ya karatasi ya vipimo akatangaza mzio papo hapo. Nilitumwa kwanza kupima choo na mkojo. Nilikutwa na minyoo, nikapewa dawa, nikapona minyoo, na mwasho ukabaki.

Kwa hakika mzio na vita dhidi ya minyoo vinatumia mkono mmoja wa kinga ya mwili. Mkono huo huzungumza kwa kemikali maalumu, mbili kati yake zikiitwa interlukini-4 na interlukini-13, na kwa mwenye pumu ya ngozi kemikali hizi hazinyamazi hata pale ambapo adui hayupo. Zinachochea mwasho, na zinapunguza utengenezaji wa protini zinazoifanya ngozi iwe ukuta. Ngozi ya mtoto wa pumu, kwa hiyo, inakwenda uzeeni ikiwa na ukuta mwembamba tangu zamani; ukiongeza ukavu wa umri, joto, jasho na kukuna, ni rahisi kufahamu kwa nini pale mshono ulipo dhaifu uachie. Ushahidi mwingine umetoka upande wa matibabu. Dupilumabi, dawa ya sindano iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa ajili ya pumu ya ngozi ya watu wazima, hufanya kazi kwa kuziba masikio ya seli zisizisikie kemikali hizo mbili, na wapo wagonjwa wa Grover waliokuwa wamekata tamaa, wakapewa sindano hiyo, mwasho ukatulia na vipele vikakauka. Hao ni wagonjwa wachache walioripotiwa mmoja mmoja, na dawa yenyewe ni ya bei ambayo mstaafu wa Wete huitaja kama hadithi tu. Lakini kama dawa ya kuuzima mzio inaweza kuutuliza ugonjwa ambao si mzio, basi ujirani wao ni wa nyumba zenye ukuta mmoja.

Ujirani huo hauendi jikoni. Sijaona popote ambapo pweza, yai au muhogo vimetajwa kuwa chanzo cha ugonjwa wa Grover, na daktari aliponambia nile ninachotaka nilihisi hasira ambayo sikuwa na wa kumtupia. Pweza wa watu hakuwa na kosa. Mzio wa chakula upo, na ni hatari kwa wenye nao, lakini una tabia zake: huja ndani ya dakika au saa chache, kwa mabaka yanayovimba na kuhama, kwa midomo kufura, kwa kutapika, kwa kifua kubana. Hauji kwa vipele vya ufuta vinavyokaa mahali pamoja miezi minane.

Mzio uliokuwa na neno la kusema katika ngozi yangu ulikuwa wa mguso, na aliyeuona ni daktari tena, kwa kuangalia mahali ambapo mimi sikufikiria kumwonyesha. Kwenye muundi wa mguu uliovunjika palikuwa na baka lililochubuka, lenye magamba, lenye mpaka ulionyooka kama lililochorwa. Aliniuliza nilipaka nini hapo. Nilipaka mafuta ya karafuu, nikamjibu, kwani plasta ilipotoka mguu ulikuwa mkavu na mgumu kama kuni, na huku kwetu mafuta ya karafuu ni tiba ya kila mfupa. Kiwanda cha kuyakamua kutokana na makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kipo Wawi, Chake Chake. Na mkono uliokuwa ukinipaka mguuni, uliopakaa mafuta hayo hayo, ulikuwa ukimalizia mgongoni.

Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni eugenoli. Ndiyo yenye harufu, ndiyo inayotia ganzi jino linalouma, na ndiyo pia mojawapo ya vitu 8 vinavyowekwa katika mchanganyiko wa manukato ambao madaktari huutumia duniani kote kupimia mzio wa mguso. Kipimo chenyewe hufanywa kwa kubandika viraka mgongoni, vikaachwa siku mbili, vikabanduliwa na kusomwa, kisha kusomwa tena baada ya siku mbili nyingine, kwa sababu mzio wa namna hii huchelewa. Mgongo wangu haukufaa. Ngozi iliyokwisha kuwaka hujibu kila kitu kwa hasira, na majibu yake hayaaminiki. Alinikataza pia kujijaribia mafuta hayo mkononi nyumbani, kwani mafuta matupu ya karafuu huunguza hata ngozi isiyokuwa na mzio wowote. Alichofanya ni kuniondolea kila chenye harufu: mafuta ya karafuu, poda, sabuni ya manukato, hata ile liwa ya mke wangu. Baka la muundini lilipotea ndani ya wiki tatu. Vipele vya mgongoni havikupotea, ila vilipungua ukali, na hapo nikafahamu kwa mwili wangu kile ambacho nimejaribu kukieleza kwa maneno, kwamba mzio haukuuzaa ugonjwa bali ulikuwa ukiupulizia moto.

Matibabu mengine yalikuwa ya kawaida kiasi cha kumkera mtu aliyevuka bahari kuyatafuta. Nikoge maji ya uvuguvugu unaokaribia ubaridi, mara moja au mbili kwa siku, bila ya dodoki. Nikishajifuta nipake losheni nyepesi isiyo na harufu. Si mafuta ya mgando mazito, ambayo katika joto letu huweza kufunika jasho chini yake kama ilivyofanya nailoni. Fulana iwe ya pamba, ibadilishwe ikilowa. Krimu ya steroidi ya nguvu ya wastani, peke yake, bila ya michanganyiko, nitumie wiki mbili kisha nipumzike, nisiifanye kuwa mafuta ya kila siku kwa kuwa hukondesha ngozi. Kidonge cha mzio usiku, ambacho daktari alikiri kuwa kitanisaidia kulala zaidi ya kitakavyozuia mwasho wenyewe. Alinitajia kwamba zipo ngazi za juu kama hizi zikishindwa, vidonge vya jamii ya vitamini A na tiba ya mwanga, lakini sikufika huko. Na alinambia jambo ambalo mke wangu alilihitaji kuliko mimi: hauambukizi. Wajukuu walirudi kulala chumbani kwangu usiku huo huo niliporudi.

Nailoni niliivua mwenyewe. Chini yake sponji ilikuwa na doa la unyevu lenye umbo la mgongo wa mtu, mabega na mbavu, kana kwamba nilikuwa nimechapwa juu yake kwa muhuri. Nililitoa godoro juani siku mbili.

Hadi Novemba mgongo ulikuwa umetulia, madoa tu yamebaki. Februari iliyofuata, kaskazi ilipokolea, vilirudi, vichache, kama ishirini hivi chini ya mbavu za kushoto, na safari hii niliviona siku ya pili na sikuviita harara. Dada yangu alipokuja kunitazama alikuta nimekaa barazani kifua wazi, feni ndogo ya mezani ikinipulizia, sahani ya pweza mbele yangu. Aliitazama sahani, akautazama mgongo wangu, akakaa, na baada ya muda akanyoosha mkono akamega.

Karafuu sizianui tena wala sizianiki. Hilo nimemwachia mjukuu wangu wa kiume, na msimu ukifika mimi hukaa chini ya kivuli cha mwembe nikimwelekeza kwa fimbo wapi majamvi hayajatandazwa sawa. Mvua ikitishia, yeye hukimbilia ndani na kutoka na nailoni ya lile godoro, ambayo imetosha kabisa kufunika majamvi mawili, tukaibana pembeni kwa mawe.